Pwani ni pale panapopwa

Haya ni maneno niliyowaambia vijana waliomaliza mafunzo ya kutembeza watalii, hapa kwetu Jambiani, chini ya mivinje. Baadhi yao waliniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikaondoa pale nilipokohoa na baadhi ya pale nilipojirudia.

Assalaam aleikum.

Mheshimiwa Sheha, mgeni rasmi, walimu, wazee wangu, kina mama, na nyinyi wanangu mnaopokea vyeti leo.

Nimepewa dakika ishirini. Shughuli ilikuwa ianze saa tatu na sasa ni saa tano kasorobo, kwa hiyo sijui hizo dakika zangu bado zipo au zimeshakwenda na maji. Simlaumu mtu. Kuchelewa huku kumenifaa, maana nilikuja na hotuba nyingine kabisa, iko hapa mfukoni, inaanza na "utalii ni uti wa mgongo wa uchumi wetu". Hiyo mmeshaisikia, na leo mtaisikia tena kutoka kwa anayeijua zaidi yangu. Mimi nilikuwa nahodha wa ngalawa na mashua za wageni, sikuwa mchumi.

Badala yake nina ombi. Geuzeni viti. Ndiyo, nyote, na wazee pia. Tazameni bahari.

Mnaona nini?

Kijana hapa mbele anasema, "Hakuna kitu, mzee, maji yamepwa." Ahsante mwanangu. Hujakosea kusema maji yamepwa. Hilo la "hakuna kitu" ndilo nataka tulizungumze, na likichukua dakika zangu zote basi.

Leo ni mwezi kumi na tano, yaani siku ya kumi na tano tangu mwezi uandame. Ni bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na hupwa sana. Maji yamekwenda mpaka kule kwenye mstari mweupe, mwambani, zaidi ya kilomita moja kutoka hivi viti. Hapa katikati mimi naona ngalawa tatu zimekaa juu ya mchanga. Naona vigingi, safu kwa safu. Naona kanga: wanawake kumi na wanane, nimewahesabu wakati mshereheshaji anatafuta betri ya kipaza sauti. Wote wameinama. Kuna watoto wawili na ndoo, na kuna mzee mmoja yuko peke yake na mchokoo wake, anachungulia mashimo ya pweza. Nikimtazama anavyotembea namjua ni nani, ila mkewe yuko hapa na alisema leo mgongo unamuuma, kwa hiyo sitamtaja.

Hao wote ndio "hakuna kitu".

Miaka michache nyuma nilimpokea mgeni na familia yake. Msidhani alitoka Italia. Alitoka Kigoma. Walifika jioni, saa kumi na moja, bamvua kama hili, maji yamejaa mpaka kwenye ngazi za nyumba niliyowapangia. Watoto waliingia na nguo zao. Yule bwana alinishika mkono akasema, "Nahodha, umetuweka peponi." Nikalala nimefurahi.

Asubuhi, saa nne, mlango unagongwa. Bwana kasimama na taulo shingoni. "Nahodha, bahari imekwenda wapi?"

Hakuwa anatania. Ni mtu wa makamo, amekulia ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ziwa ambalo kina chake kinapita mita 1,400. Utotoni alisafiri na ile Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa wakati wa vita, ikaopolewa, ikarudi kazini. Maji anayajua pengine kuliko mimi. Mkewe kwao Matema, kaskazini kabisa mwa Ziwa Nyasa, pale milima ya Livingstone inapoteremkia majini na Wakisi huuza vyungu vyao. Watu wawili wa maji, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona maji yakaondoka asubuhi yakarudi jioni. Ziwa nalo hupanda na kushuka, aliniambia, lakini kwa miaka; miaka hii ya karibuni lao lilipanda hata likaingia majumbani mwa watu. Kwa saa, hapana.

Niliona haya. Nilikuwa nimemweleza habari za upepo, za samaki, za umeme kukatika. Habari ya kupwa sikumwambia. Kwetu sisi ni sawa na kumwambia mtu kwamba usiku kutakuwa na giza.

Mgeni yeyote, wa Kigoma au wa Milano, anakuja na picha kwenye simu yake. Picha ina maji ya buluu na mnazi mmoja ulioinama. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000 mwaka 2023, na sidhani kama kuna mia moja kati yao walioletwa na picha ya mchanga mtupu na mwanamke ameinama. Picha zote hupigwa maji yakiwa yamejaa. Na picha haipwi.

Sasa sikilizeni neno letu wenyewe. Kwenye matangazo mtasoma "ufukwe", "fukwe zetu nzuri". Sawa, ni Kiswahili. Lakini mama yangu, Mungu amrehemu, sikumsikia hata siku moja akisema anakwenda ufukweni. Alisema anakwenda pwani. Na pwani ni nini? Pwa, pwani. Ni pale panapopwa. Waliolitia jina hili jambo hawakuliita mahali pa maji yaliyojaa. Waliliita kwa ile saa ambayo maji hayapo, kwa sababu hiyo ndiyo saa ya kazi. Tuna hata ule msemo, "maji yakijaa hupwa", tunamrushia jirani aliyepata pesa akaanza kutusahau. Tumeurusha mno, tumesahau kwamba kwanza ni habari ya maji kweli.

Basi niwafunze hesabu, maana nimeuliza mwalimu wenu akaniambia kwenye mtaala haimo. Imo huduma kwa mteja, na Kiingereza, na namna ya kukunja kitambaa cha mezani kama bata. Vizuri. Ongezeni na hii.

Mwezi unapoandama, na tena unapopevuka, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, na hapo ndipo tunapata bamvua. Huwa na nguvu zaidi siku moja au mbili baadaye. Siku hizo, hapa kwetu, maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa kwenye bamvua kubwa hufika kama mita nne, yaani kupita kimo cha watu wawili, mmoja juu ya mabega ya mwenziwe. Kila siku inayofuata, ongeza dakika hamsini. Kwa hiyo mwezi tano maji hujaa saa moja na ushei, hupwa saa saba na ushei. Ukifika mwezi saba au nane mambo yamegeuka: yanajaa saa nne asubuhi, yanapwa saa kumi jioni. Hayo ndiyo maji mafu. Hayajai sana, hayapwi sana, kama mtu anayejizungusha kitandani bila kuamka.

Hamhitaji hata simu. Kuna kalenda ya Kiislamu ukutani kwa kila mtu. Tazama leo mwezi ngapi, hesabu. Mgeni akikuandikia anataka kuja tarehe fulani, anataka kuogelea asubuhi baada ya chai, mwambie: njoo maji mafu. Akitaka kutembea mpaka mwambani kwa miguu, mwambie: njoo bamvua. Akitaka kuogelea saa yoyote atakayo na asijue habari ya mwezi, mpeleke Nungwi au Kendwa. Kule pwani ina mteremko, maji hayaendi mbali. Msione choyo kumpeleka mgeni kaskazini. Atakurudia mwenyewe siku ya pili kutafuta utulivu. Akitaka kuona jua likizama majini, hapa Jambiani hataliona hata akikesha, huku tunaangalia mashariki. Mpeleke Kendwa, au Michamvi upande wa Kae. Wale wanaopenda kurushwa na tiara juu ya maji, Paje iko hapa jirani, pepo za kusi na kaskazi zote zinawafaa. Na mkiulizwa ziwa na bahari kipi bora, msijitie ujinga wa kuwatukana ndugu zetu wa bara. Ziwani unaogelea wakati wowote, ilimradi umewauliza wenyeji habari za mamba na kichocho. Baharini hakuna kichocho. Kuna saa.

Nilivyoijua mimi hiyo saa ni kwa aibu, nawasimulia.

Nilikuwa na miaka 23, nina ngalawa ya kuazima. Nikapata wageni wanne wanataka kutazama samaki mwambani. Ilikuwa bamvua. Tuliondoka saa moja na nusu, maji bado yapo lakini yameshaanza kutoka. Nilijua kabisa kwamba saa tatu niwe nimerudi. Saa tatu ikafika, wageni wako majini, wamepiga mbizi, wanacheka, wananionyesha dole gumba. Mmoja akanionyesha vidole vitano: dakika tano zaidi. Nikaona nikiwakatisha, bakshishi nayo imekatika. Nikanyamaza. Ikawa saa tatu na nusu, ikawa saa nne kasorobo.

Tulipwelewa katikati ya njia. Ngalawa ikakwaruza majani mara moja, mara ya pili ikakaa. Nilishuka nikaisukuma kama punda aliyegoma. Kushoto mchanga, kulia mchanga, jua linapanda, maji ya kunywa nimechukua chupa mbili. Ningewaambia wakae wasubiri, tungengoja saa nyingi juani. Nikawaambia tutembee.

Kulikuwa na njia ndefu inayozunguka na njia fupi. Nikachukua fupi.

Njia fupi ilikata katikati ya mashamba ya mwani. Mgeni hajui shamba la majini likoje. Anaona kamba zimelala kwenye maji ya kifundo cha mguu na vijiti vimechomekwa. Wa kwanza alijikwaa, akashika kamba asianguke, ikakatika. Wa pili akakanyaga. Yule bibi wa mwisho, peku, alikuwa akinitazama mimi badala ya kutazama chini, akakanyaga lile dude jeusi la miba. Ukelele wake ulifika mpaka msikitini.

Kina mama wakaja mbio kutoka kila upande, wamekunja kanga mapajani. Mmoja alitumwa kijijini akaleta papai bichi, likakatwa, ule utomvu mweupe ukapakwa juu ya miba iliyovunjikia nyayoni. Yule bibi amekaa mchangani, mguu wake uko mapajani mwa mwanamke asiyemjua, machozi yanamtoka na papo hapo anacheka, maana mama mwenye papai alikuwa akimwimbia kama mtoto mchanga. Mimi nimesimama na pondo mkononi.

Halafu nikamwona mama yangu. Hakuja mbio. Alikuwa akifuata ile mistari ya kamba, anainama, anashika kipande kilichokatika, anatazama, anakwenda kingine. Shamba lilikuwa lake. Alipofika kwangu akasema kwa sauti ndogo, wageni wasisikie, kana kwamba hata Kiswahili wangekielewa: "Ungepitisha ng'ombe ningekupiga. Umepitisha wageni, nifanye nini?"

Zile kamba nilizifunga upya mimi, bamvua mbili mfululizo, pamoja na mabinti wadogo walionicheka. Ndiyo maana leo naweza kuwaeleza. Unachoma kigingi, unachoma cha pili, unatia kamba kati yao. Juu ya kamba unafunga vipande vya mwani, kimoja kimoja, kwa kile kiuzi tunachokiita taitai. Kila kipande ukubwa wa kiganja. Unainama toka maji yanapokuacha mpaka yanapokufukuza. Baada ya wiki sita hivi unavuna, unabeba gunia la mwani mbichi kichwani mpaka nchi kavu, unaanika, unageuza, mvua ikija unakimbia kuanua. Bei ya kilo moja ya mkavu kina mama wenyewe wanaijua, na haiwachekeshi.

Kilimo hiki kilianza kwa biashara mwaka 1989, hapa hapa, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Mimi nilikuwa na miaka 18. Wanaume walijaribu kidogo wakaona pesa ni za polepole, wakarudi kwenye samaki. Wanawake wakabaki. Mabati ya nyumba ya mama yangu yalitoka kwenye kamba zile, na sare za skuli za wadogo zangu. Kuna aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, na ndiyo inayokufa: maji ya huku ndani yamekuwa ya moto, inaoza kwenye kamba. Baadhi wanaifuata kwenye maji ya kina zaidi, lakini huko kunataka kuogelea na kunataka chombo, na wanawake wengi wa rika la mama yangu hawakufunzwa kuogelea. Jambo la ajabu hilo, mtu afanye kazi baharini miaka thelathini na asijue kuogelea. Siku hizi wengine hapa wameanza kukuza sifongo, zinaning'inizwa kwenye kamba kama nguo. Mkipita huko, ulizeni kabla ya kushika.

Nije kwenye mchanga, kwa sababu mchanga ndio tunaouuza.

Mgeni atakuuliza kwa nini mweupe hivi. Wengi wenu mtasema, "Ni maumbile." Mwambieni ukweli, utamfurahisha zaidi. Mchanga wa ziwani hutoka milimani, ni mawe yaliyosagwa na mito. Huu wetu haukutoka mlimani, tuna mlima gani? Ni matumbawe, ni makombe, ni majani magumu ya baharini yaliyokufa yakavunjika. Na sehemu yake imepita tumboni mwa pono. Ndiyo, pono huyu huyu mnayemjua sokoni, wa buluu na kijani, mwenye mdomo kama kasuku, ambaye tukimwona mtu hasikii adhana tunasema ana usingizi wa pono. Anatafuna jiwe la mwamba apate majani yaliyoota juu yake, na jiwe analitoa nyuma likiwa unga. Kwa hiyo wale maharusi wanaolala mchangani kupigwa picha... basi, nimewaachia mmalizie wenyewe. Mgeni rasmi ananitazama.

Lakini fikirini maana yake. Mwamba ukifa, na pono wakimalizwa kwa nyavu za macho madogo, mchanga haupati wa kuuzaa. Na ule uliopo hautulii mahali pamoja. Kusi huusukuma huku, kaskazi huurudisha kule. Wazee walijenga nyuma, wakaiacha pwani iende na irudi. Upande mmoja wa pwani zetu, sitasema wapi, kuna mwenyeji wa wageni aliyetaka vyumba vyake viguse maji. Akajenga, kusi ikaja ikambomolea ngazi, akajenga ukuta. Wimbi likipiga mchanga hupanda likatua. Likipiga ukuta hurudi na hasira, na hurudi na mchanga. Miaka michache tu, mbele ya ule ukuta hakuna mchanga tena, kuna mawe. Jirani yake akaanza kuliwa yeye, naye akajenga ukuta.

Na hapo hapo palikuwa na kijia cha kina mama kuteremkia pwani, cha tangu bibi zao. Kikazibwa. Ardhi ya Zanzibar kwa sheria ni ya umma, mwekezaji hukodishwa tu. Lakini mlinzi alisimama pale na rungu, na uchungu ni kwamba mlinzi mwenyewe ni mtoto wa kijiji hicho hicho. Mama mmoja alimwambia, "Wewe nimekubeba kwenye kijia hiki hiki." Akasema, "Najua, mama, lakini zunguka." Wakazunguka. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, na gunia la mwani mbichi kichwani. Miongoni mwenu watakuwepo watakaoajiriwa ulinzi. Sina ushauri rahisi kwa hilo. Mshahara ni mshahara. Nawaambieni tu kwamba nimemwona yule kijana baadaye, na hapiti tena njia ya kwao mchana.

Niseme na Pemba kidogo, kwa sababu hapa Unguja tunaisahau mpaka msimu wa karafuu. Nilifanya kazi huko miaka miwili. Kati ya Pemba na bara bahari inateremka mamia ya mita, ni kiza cheusi, na ukitoka kwenye maji yetu haya ya kuona kidole unashtuka. Mpeleke mgeni Vumawimbi. Unapita ndani ya msitu wa Ngezi, unasikia baridi, halafu unatokea kwenye mchanga mrefu na pengine nyinyi ndio watu pekee. Mpeleke Misali. Wapemba watakuhadithia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akawataka wavuvi msala wa kuswalia, wakawa hawana, akasema kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, kitakuwa mfano wa msala. Kimehifadhiwa tangu 1998, kasa hutaga huko, na wavuvi bado wanapiga dago, yaani kambi za uvuvi, kama zamani. Mimi nilikwenda na wageni wawili waliotaka kupiga muziki. Mvuvi mzee akawaletea kahawa, akakaa nao, akawaeleza hadithi ile kupitia kwangu. Hakuwakataza kitu. Muziki ulizimwa na wenyewe.

Na kule Kisiwa Panza wameamua jambo ambalo hata Kizimkazi wamelifanya: wanafunga kipande cha mwamba miezi mitatu, hakuna kuchokoa pweza. Pweza maisha yake ni mafupi lakini hukua mbio, ukimpa hiyo miezi mitatu unamkuta mwingine kabisa. Siku ya kufungua ni kama sikukuu. Ukiwa na mgeni siku hiyo, ondoa ratiba yako yote, mpeleke.

Naona mkono. Sema, binti yangu.

Anauliza: "Babu, mgeni ameshalipia siku tatu, ni bamvua, saa nne maji hayapo, na amekasirika. Nimfanye nini?"

Swali zuri kuliko hotuba yangu. Kwanza, umkute hajakasirika, yaani umwambie kabla hajalipa. Hilo limepita, haya. Mtafutie viatu vya mpira, kofia, na maji, si chupa mbili. Usimpeleke mbali. Nenda naye mpaka kwa mwenye shamba wa kwanza, simama nje ya kamba, toa salamu, uliza: tunaweza kukaribia? Akisema leo hapana, ni hapana. Akisema karibuni, mgeni ainame afunge kamba moja nzima kwa mkono wake. Kamba moja tu. Nimewaona wanaume wenye miili mikubwa wakishindwa kumaliza nusu. Na yule mama umlipe, na umlipe mbele ya mgeni, si umwambie nitakuona jioni. Mchana maji yatakuwa yanaingia, saa tisa atakuwa anaogelea. Hasira yake mimi sijaiona ikifika saa tisa.

Wale papasi wenzenu, madalali wa wageni, watawaambia mnapoteza wakati, mgeni mpe anachotaka. Nimekuwa papasi pia, kabla hamjazaliwa, sijifanyi malaika.

Nilikuwa na jambo la mwisho kuhusu leseni, lakini mwalimu atawaeleza. Tazameni tena kule. Maji yanaingia, mnayaona yale madimbwi mawili matatu yanayong'aa kati ya vigingi? Kina mama wameanza kutoka. Yule wa kanga nyekundu amebeba magunia mawili, moja juu ya jingine, na bado ana mwendo mrefu wa kufika kavu. Mgeni rasmi, nakuomba radhi, vyeti vitangoja robo saa. Vijana, vueni viatu, mkawapokee. Pitieni kushoto, njia ndefu.